Moto wa Kiganjani

Kabla hujasoma zaidi, mwite mwanao umshike kiganja. Sisemi paji la uso, nasema kiganja. Kama kina joto, kaa usome taratibu. Kama ni cha baridi, acha kusoma, ingia anapolala utafute tofali jekundu.

Mimi nilichelewa. Nilikuwa nashika paji la uso, kama mama yangu alivyokuwa akinishika mimi, na paji la uso la mwanangu Twilumba lilibaki la kawaida kwa muda mrefu sana.

Boksi lilikuja kutoka shuleni msimu wa kuchimba viazi. Wakati huo nyaya za umeme zilikuwa zimeshushwa huku kwetu Makete miaka sita kabla yake, nguzo tumezipasua kuni, na watoto wa umri wa Twilumba, miaka tisa, walikuwa hawajui swichi ni kitu gani. Kila mtoto wa darasa la tatu alipewa boksi lake. Ndani mlikuwa na matofali ya plastiki, yale yenye vinundu juu na matundu chini, ambayo ukiyasukuma kwa kidole gumba yanabanana. Mlikuwa na ekseli, mikanda ya mpira, gia za meno manane na za meno ishirini na manne, na mota nne za kijivu. Na tofali moja jekundu, dogo kama kiberiti, lakini ukilishika mkono unashuka.

"Sogea mama, unaniziba mwanga," aliniambia siku ile ya kwanza. Alikuwa amekaa chini jikoni, matofali yametapakaa mpaka kwenye kuni.

"Hiyo mashine betri yake iko wapi?"

"Haina betri. Mwalimu amesema betri ni mimi."

Nikacheka. Nilicheka kweli, nakumbuka.

Karatasi ya maelezo ilikuwa na kurasa nne. Mimi nimeishia darasa la saba, kusoma naweza, lakini maandishi ya ukurasa wa nne yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, na sufuria lilikuwa jikoni. Nilisoma tatu, na ule wa nne ukaishia kuwashia jiko. Zilisema kwamba tofali jekundu linakula joto la kiganja na kulifanya nguvu ya kuzungusha mota. Linataka kiganja cha mtoto, kwa sababu mwili unaokua una joto la kuzidi na wetu sisi watu wazima unajitosha wenyewe tu. Likiwa jipya lazima lishikwe siku tatu bila kuachwa, usiku na mchana, mpaka limzoee mtoto. Baada ya hapo mtoto anaweza kuliweka kwenye mashine akaenda zake kucheza, nalo litaendelea kumpokea kwa mbali.

Watoto wengine walishindwa. Mtoto gani anashika kitu siku tatu? Walilidondosha wakioga, walilisahau wakila. Twilumba hakulidondosha, kwa sababu mimi mama yake nilichana kipande cha khanga nikamfungia nacho mkononi. Nikamlisha ugali kwa mkono wangu siku tatu ili asilifungue. Nilitaka mwanangu awe wa kwanza.

Siku ya nne asubuhi alilipachika kwenye pipa dogo alilolijenga la kuoshea viazi, na pipa likazunguka. Alikuwa amefunga gia ndogo isukume kubwa. "Ukifanya hivi inakwenda polepole lakini ina nguvu," akanieleza. "Ukigeuza inakwenda mbio, halafu ukiiwekea kidole tu, imekufa." Viazi vikatoka vyeupe. Nilisimama nikitazama mpaka uji ukaungua.

Jirani yetu Mzee Tweve aliletwa kuona. Alikuwa mjane, kifua chake kimeharibiwa na vumbi la mbao za miaka arobaini, akitembea hatua kumi anasimama kuomba pumzi. Aliliangalia tofali lile jekundu ndani ya pipa akasema, "Hili ni kaa la moto." Basi mtaa mzima tukaliita hivyo. Kaa.

*

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Tulinave wa nyumba ya pili. Mwanawe alisoma darasa moja na wangu. Alikuja na kaa lao mkononi, jekundu lakini limekufa, akasimama mlangoni vile vile ambavyo mtu husimama akija na kigae kuomba moto wa kupikia.

"Mama Twilumba, hodi. Tulinave kashindwa kuwasha. Nimeambiwa lenu likiguswa na letu kwenye mkono wa mwanao, linawaka mara moja. Mapigo mia tu ya mshipa."

"Nani kakwambia?"

"Watoto wenyewe wamejaribu. Nina magunia matatu ya mahindi ya kupukuchua, mwenzangu, vidole vimeisha ngozi."

Twilumba akanitazama. Huku kwetu moto hanyimwi mtu. Hata mliyegombana naye jana, akija na kigae chake asubuhi unafukua jivu, unampa kaa moja, na yeye haji kukurudishia, kwa sababu moto ukigawanywa haupungui. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyomlea.

"Mpe jirani moto," nikamwambia.

Aliyashika makaa mawili kiganjani, lao na lake, uso kwa uso. Akahesabu kwa sauti mpaka mia. La kina Tulinave likawa na mng'ao wa ndani, kama jicho la paka mbele ya jiko. Mama Tulinave akapiga goti kidogo kushukuru akaondoka nalo kwenye upande wa khanga.

Kufikia mwisho wa mwezi yalikuwa kumi na nane. Moja lilipukuchua mahindi, moja lilisukuma cherehani ya fundi Atuganile pale sokoni, jingine lilivuta maji kisimani kwa vindoo vya mkebe vilivyofungwa kwenye mkanda, na jingine lilibembeleza mtoto mchanga. Yote hayo yalikuwa kazi ya matofali ya plastiki, gia na ekseli, na mtaa ukawa na mvumo kama wa nyuki.

La kumi na tisa lilikuwa la Mzee Tweve. Mwalimu alimpa boksi la mtoto aliyehama, na Twilumba akamjengea mvukuto kwa siku tano. Fremu ya matofali, mfuko wa tyubu ya baiskeli, kisanduku cha kuchuja hewa chenye unga mweupe tuliopewa zahanati, na mpira wa kwenda puani. Gia ndogo ikisukuma kubwa, polepole, yenye nguvu. Mzee aliyekuwa analala ameketi kwa miaka miwili akalala chali siku hiyo. Alipoamka alimwita mwanangu karibu.

"Mke wangu," akamwambia, maana ndivyo alivyomwita, utani wa babu na mjukuu, "sasa mahari nimekuletea au umeniletea?"

"Nimekuletea mimi, babu. Utalipa ukipona."

Ningeishia hapo, ningekuwa nimeandika hadithi ya furaha.

*

Kitu cha kwanza nilichokiona kilinichekesha. Mama Tulinave aliita kwenye ua: "Twilumba, mwanangu, hebu ruka kamba kidogo, mashine imekuwa nzito." Twilumba akaruka kamba, na upande wa pili wa uzio mahindi yakaanza kumwagika kwa kasi. Akasimama kupumzika, yakapungua. Watoto wakaugeuza mchezo. Mmoja anamkimbiza Twilumba, wengine wanakimbia nyumba kwa nyumba kuona mashine zinavyokwenda mbio.

Kitu cha pili hakikunichekesha. Alipiga chafya akiwa anakula, na mtaa mzima ukanyamaza. Ule mvumo wa nyuki ukakatika, kama pumzi mbili hivi, kisha ukarudi. Nilibaki na tonge mkononi. Yeye akaendelea kula.

Baridi ikaanza kwenye vidole. Alikuwa anavaa sweta mbili mchana, anakaa karibu na jiko mpaka ananuka moshi. Nikimwosha miguu maji ya moto anasema, "Mama, ongeza." Naongeza. "Ongeza." Mkono wangu mimi unaungua. Nikamshika kiganja siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kama jiwe lililotolewa mtoni.

Nilimpeleka zahanati, mganga akamwekea kipimo kwapani. Akakitazama, akakitikisa, akampima tena, akakijaribu kwapani kwake mwenyewe. "Thelathini na tatu na nusu," akasema. "Mtoto wa hivi hatembei, mama. Huyu ametembea mwenyewe?"

"Ametembea."

Hakuandika kitu kwenye daftari. Alitupa blanketi.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, ule ambao ukinyoosha mkono huoni vidole. Nikafungua mlango nikateke maji. Nilipopiga hatua tatu njiani, miguuni kulikuwa na kigari cha kubebea kuni, chenye matairi manne ya plastiki. Kimesimama, kimeelekea mlango wangu. Nikadhani watoto wamekisahau. Nikapita. Nyuma yake kilikuwa kijimashine cha kuvutia maji, kimejiburuta na mkanda wake umechanika, kimelala ubavu, gia inazunguka hewani. Kimeelekea mlango wangu. Na mbele zaidi kingine, na kingine, vimejipanga kwenye ukungu kama ng'ombe wanaosubiri kufunguliwa zizi, na vyote vilikuwa vinavuma taratibu, vinapanda na kushuka. Nilisimama nikasikiliza. Nikarudi ndani nikaweka sikio kifuani kwa mwanangu aliyelala.

Ulikuwa mwendo ule ule mmoja.

*

Fundi Atuganile ndiye aliyekuwa na karatasi yenye ukurasa wa nne haujachanika. Alikuwa fundi wa cherehani na wa redio, mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alifunga banda lake la sokoni, akakaa, akanisomea yote. Kisha akanieleza kwa vifungo viwili mezani, kwa sababu aliona sielewi.

"Lako hili ni la kwanza. Langu limewashwa na lako. Wewe ulidhani langu limechukua moto likaondoka nao, si ndiyo?"

"Moto si ndivyo unavyofanya?"

"Moto wa kuni, ndiyo. Huu haufanyi hivyo, dada. Langu halina moto wake. Kila siku linamrudia mwenye kiganja. Yote kumi na tisa yanamrudia yeye, popote alipo mtaani. Joto lake likipungua, mota inageukia upande linakotoka, kama mmea kwenye dirisha. Ndiyo maana vimekuja kwako. Vinafuata chakula."

"Nitalivunja lake la kwanza. Nitalipiga nyundo."

"Hapana. Sikia hapa imeandikwa. La kwanza likizimwa kabla ya mengine, yale mengine yote yanamvuta moja kwa moja kwa wakati mmoja." Alivua miwani. "Hatafika jioni."

Nikamuuliza basi nifanye nini. Akanionyesha. Kaa linazimwa kwa kiganja kile kile kilicholiwasha. Linageuzwa kifudifudi, mtoto anatulia, mapigo mia ya mshipa, limekufa. Aanze na yale yaliyoombwa, amalizie na lake. Lakini lazima atulie kweli. Mtoto akishikwa kwa nguvu, au akiogopa, au akilia, moyo unakimbia, na kaa linadhani linawashwa upya. Linazidi.

"Kwa hiyo lazima atake mwenyewe," nikasema.

"Au asijue anafanya nini," akasema fundi Atuganile. Akalichomoa kaa kwenye cherehani yake, akaliweka mbele yangu. "Anza na langu. Nitashona kwa miguu."

Nilikuwa nimefika mlangoni nilipolikumbuka lile jingine. Nadhani naye alikuwa analisubiri, kwa sababu hakuwa ameinuka.

"Na Mzee Tweve?"

"Mzee Tweve anahitaji mtoto," akasema. "Lakini si lazima awe mmoja. Wakiwa watoto saba wakapeana zamu, kila mmoja siku moja kwa wiki, wala hawatahisi. Boksi wanazo. Washike siku tatu tu kama ulivyofanya wewe." Akavaa miwani. "Kaombe."

*

Nilichukua kigae changu cha moto, kile cheusi cha mtungi uliovunjika, nikaanza nyumba kwa nyumba nikiwa nimemshika Twilumba mkono. Mama mzima nakwenda kuomba nirudishiwe moto. Katika maisha yangu sijawahi kusikia mtu amefanya hivyo. Mtu wa kwanza alipoona kigae, alitazama chini kama nimemjia nimevua nguo.

Nilimwambia Twilumba kwamba makaa yameingia vumbi, tunayasafisha. Alifurahi. Alipenda kuhesabu, lakini safari hii nilimwambia aanze mia ashuke mpaka moja, na hesabu za kurudi nyuma zilimpiga chenga, kila akimaliza kumi moja anapotea. Nikawa namsaidia. Baada ya tisini? Themanini na tisa. Baada ya themanini? Sabini na tisa. Ikifika moja, mng'ao unakufa, analitia kwenye kigae, anacheka.

Makaa yenyewe hakuna aliyeninyima. Nawashukuru kwa hilo. Waliponisikiliza walichomoa haraka. Shida ilikuwa pale nilipouliza lile la pili, la watoto wa zamu.

"Tulinave ana kifua," akasema Mama Tulinave. Mtoto alikuwa nyuma yake anarukaruka kwa mguu mmoja.

"Siku moja kwa wiki, mwenzangu. Ni Mzee Tweve."

"Najua ni nani. Amenitunzia mbuzi wangu nilipojifungua." Alikuwa amekishika kitasa. "Umemshika mwanao mkono muda wote huu hujamwachia, Mama Twilumba. Halafu unaniambia nimtoe wangu?"

Nyumba ya tatu walisema wanasubiri baba arudi. Nyumba ya tano walisema mtoto atahamia kwa shangazi. Nyumba ya tisa walinipa kaa na viazi vitano, wakafunga mlango. Na nyie mnaosoma msiwalaumu. Mimi ningekuwa upande wao wa mlango, ningesema mwanangu ana kifua.

Kufikia saa nne makaa kumi na nane yalikuwa kwenye kigae, yanagongana. Mashavu ya Twilumba yalikuwa yameanza kuwa na rangi. Alivua sweta moja akajifunga kiunoni. Mtaa ulikuwa kimya, na katika ukimya ule ulisikika mvukuto mmoja tu, kwenye nyumba ya mwisho, unavuta na kusukuma.

Nilisimama nje ya mlango ule muda gani, sijui. Nilimwangalia mwanangu shingoni, mshipa ukicheza, na mvukuto ndani ukimfuata. Nikajiambia, nimwachie hili moja. Moja halimuui. Nikashika kiganja chake. Kilikuwa bado cha baridi, si kama jiwe la mtoni, lakini cha baridi. Fundi alikuwa ameniambia mvukuto hausimami hata sekunde, na kwamba unakula kuliko mashine nyingine kumi. Leo ana miaka tisa, nilijiambia. Atakuwa na baridi hii miaka mingapi? Na nani atakuwa ameamua? Yeye mwenyewe nikimuuliza najua atasemaje. Nimemlea mimi.

"Hodi babu," akasema Twilumba, akaingia mbele yangu.

*

"Mke wangu. Na leo umekuja na mama mkwe."

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mama mkwe, kiti hicho."

"Shikamoo baba," nikasema. Sikukaa.

Alikuwa amelala chali, mpira puani, blanketi mpaka kifuani. Kando yake mvukuto ulifanya kazi yake, gia ndogo ikisukuma kubwa, matofali mekundu, ya njano na ya bluu, kama kitu cha kuchezea, na ni kitu cha kuchezea. Alikitazama kigae mikononi mwangu. Alikuwa mtu wa zamani, alijua kigae ni cha nini.

"Umebeba nini, mwanangu?"

"Makaa, baba. Yameingia vumbi. Tunayasafisha."

"Yote?"

"Yote."

Mvukuto ukavuta, ukasukuma. Akageuza uso kwa Twilumba, akamtazama rangi ya mashavu, akamtazama vidole. Akaomba mkono wake, akaushika katikati ya mikono yake miwili, kama mtu anayepima uzito wa yai. Alikaa nao. Kisha akauachia.

"Hata langu lina vumbi," akasema. "Nimekuwa nikilisikia usiku, linakwaruza. Lisafishe, mke wangu."

Twilumba akalichomoa kwa ustadi, mvukuto ukabaki unatembea kwa nguvu iliyobaki kwenye mota, akaligeuza kifudifudi kiganjani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Mia," akaanza. "Tisini na tisa."

Mimi nilitakiwa kumsaidia hesabu. Nilikuwa naangalia mfuko wa tyubu.

"Tisini. Babu, baada ya tisini?"

"Themanini na tisa," akasema Mzee Tweve. "Twende pamoja."

Wakaenda pamoja. Sauti ndogo na sauti kubwa. Kwenye sabini na tisa alimsaidia, kwenye sitini na tisa alimsaidia. Kwenye hamsini na tatu Twilumba akanyamaza. Aligeuka kutazama mfuko wa tyubu.

"Babu, mvukuto unachoka."

Niliona mshipa wa shingo yake ukiruka. Kaa likaanza kurudisha mng'ao pembeni, mstari mwembamba kama uzi.

"Si unasafishwa," akasema Mzee. Alitabasamu na mpira puani. "Wewe ukiogeshwa huwa unafurahi? Usinipotezee hesabu, mimi ni mzee. Hamsini na ngapi?"

"Na mbili."

"Haya."

Mshipa ukatulia. Uzi ukafa. Tangu arobaini Mzee alisema namba moja, akaruka mbili, akasema moja. Tangu ishirini alikuwa hasemi tena, anagonga kidole juu ya blanketi, namba kwa namba, na Twilumba anamtazama kidole asipotee. Saba. Sita. Mfuko wa tyubu ulijaa nusu ukabaki hivyo hivyo.

"Moja," akasema mwanangu peke yake. "Nimemaliza bila kukosea."

Kidole kikagonga mara moja zaidi.

Nilimtuma akatazame kama kuku wa babu wametaga. Nikapiga magoti. Pumzi za Mzee sasa zilikuwa za kuhesabika. Alinishika mkono mpaka jua lilipofika kwenye kizingiti. Twilumba aliporudi nilikuwa nimeshamvutia blanketi, na nikasema babu amelala.

Alikuwa na mayai mawili, ameyabana shavuni, moja kila upande. Macho yamefumbwa.

"Mama," akasema. "Ya moto."

Wiki saba hakuwa amehisi kitu chenye joto. Nilimpeleka nyumbani, akalizima la kwake la mwisho kwa kufuata hesabu yangu. Makaa yote kumi na tisa na lake nimeyafukia kwa mikono yangu, mahali sitapaandika.

*

Nimeandika haya kwa sababu nasikia maboksi yamefika wilaya nyingine. Muulize mwalimu ukurasa wa nne. Kama hana, mwambie akatafute. Usimfunge mtoto khanga mkononi.

Na kuna jingine, sijamwambia hata fundi Atuganile. Twilumba hakuuliza tena juu ya Mzee. Siku ya kuzika alikaa mikono kwapani. Kipimo kinasema thelathini na saba. Anakula, anacheza.

Juzi asubuhi, ukungu umetanda, Mama Tulinave alikuja na kigae kuomba moto. Moto wa kawaida, wa kuni, wa kupikia uji. Hatujazungumza sana tangu siku ile, na nilifurahi amekuja. Nikafukua jivu nikampa kaa zuri, kubwa, linawaka pande zote. Akapiga goti, akaondoka.

Twilumba alikuwa mlangoni anamsindikiza kwa macho. Mikono ameificha nyuma. Midomo inacheza. Nikadhani anaimba. Nikasogea.

"Tisini na moja," alikuwa ananong'ona. "Tisini. Themanini na tisa."

Hakukosea. Nilisimama nyuma yake nikashindwa kumgusa. Alikwenda mpaka moja, taratibu, akageuka akaingia ndani kunywa uji.

Na mle kwenye ukungu nikasikia viatu vya Mama Tulinave vinarudi.

"Samahani, mwenzangu," akasema, kigae mkononi, kaa jeusi kabisa, halitoi hata moshi. "Moto wako umezimika njiani."